Somo: Kukadiria gesi asilia iliyobaki nchini

Gesi iliyomo ardhini, gesi inayoweza kuvunwa na gesi iliyobaki ni hesabu tatu tofauti. Hutangazwa zaidi ile ya kwanza kwa kuwa ndiyo kubwa, na wananchi huahidiwa utajiri ambao hautatoka kisimani. Hapa tunaitafuta ya tatu.

Hatua ya 1: Pima kila hifadhi, yaani mwamba wa chini unaoshika gesi, peke yake. Utafiti wa mitetemo, yaani kutuma mawimbi ardhini na kusikiliza yanavyorudi, hukupa eneo. Visima hukupa unene wa mwamba, matundu yake na maji yaliyomo. Tuseme kilomita za mraba 50 kwa unene wa mita 20: mwamba ni mita za ujazo bilioni 1. Matundu yakiwa asilimia 20, nafasi ni milioni 200. Maji yakichukua asilimia 30 ya nafasi hiyo, gesi inabakiwa na milioni 140. Kule chini imebanwa sana. Ikitanuka mara 200 inapofika juu, unapata bilioni 28, karibu futi za ujazo trilioni 1.

Hatua ya 2: Chukua sehemu inayovunika. Kwa asilimia 75, ni bilioni 21.

Hatua ya 3: Toa iliyokwisha kuzalishwa. Ikiwa ni bilioni 6, zimebaki 15.

Hatua ya 4: Jumlisha hifadhi zote, lakini gesi ambayo haijagunduliwa iandike kando, kwani makadirio yake hutofautiana mno. Mwaka 2011 shirika la takwimu za nishati la Marekani, EIA, lilikadiria gesi ya shale (iliyonaswa ndani ya mwamba wa tope lililogandamana) inayovunika Poland kuwa futi za ujazo trilioni 187. Mwaka 2012 Taasisi ya Jiolojia ya Poland, ikitumia data za visima vya zamani, ilitaja trilioni 12 hadi 27.

Swali: Hifadhi yetu imezalisha miaka mingi. Bado nitegemee eneo na unene wa Hatua ya 1?

Jibu: Hapana, sasa una ushahidi bora. Gawa mgandamizo wa gesi hifadhini kwa kipimo cha Z (namba inayoonyesha gesi halisi inavyotofautiana na gesi ya nadharia), chora dhidi ya jumla ya uzalishaji, kisha endeleza mstari hadi sifuri: hapo unasoma gesi yote iliyokuwemo mwanzoni. Ila maji yakiingia kwa nguvu hushikilia mgandamizo, na mstari utakuonyesha gesi isiyokuwepo.

Swali: Nikijumlisha makadirio ya chini ya kila hifadhi, napata ya chini ya nchi?

Jibu: Utapata ndogo mno, kwani si rahisi hifadhi zote ziangukie chini kwa pamoja. Iache kompyuta ibahatishe thamani ya kila kipimo cha kila hifadhi na kurudia hesabu maelfu ya mara, kisha soma kadirio la chini kwenye matokeo ya jumla.