Plaizi Isiguse Nati ya Pampu

Wakulima wa mboga wa bonde la Ruvu, hapa Bagamoyo, tatizo lile lile linarudi kila kiangazi. Pampu ya kumwagilia inafikishwa kwa fundi, injini yake nzima kabisa, ila nati zimelika pembe hadi zimekuwa mviringo na hakuna spana inayozishika. Chanzo ni plaizi.

Nati ina pembe sita. Plaizi inazishika mbili tu kwa meno, na ukiongeza nguvu inateleza na kuzinyoa. Ile ya mdomo unaohama hatua kwa hatua inafunguka zaidi, lakini kazi yake ni viungio vya plastiki na vifuniko vya mviringo. Spana ya bomba ndiyo mbaya kuliko zote: kadiri unavyovuta, ndivyo meno yake yanavyozidi kung'ata chuma. Iacheni kwenye bomba.

Bolti nyingi za pampu hizi ndogo zina kichwa cha milimita 10, 12, 13 au 14. Nunueni spana za namba, 8 hadi 19, ziwekwe pamoja na pampu, siyo nyumbani.

Plagi nyingi za injini hizi huchukua spana ya plagi ya milimita 21. Mkiigusa kwa plaizi, kauri yake nyeupe inapasuka na cheche zinavujia pembeni. Ifungeni kwa vidole mpaka ikae, kisha spana: nusu mzunguko kwa plagi mpya, robo au chini ya hapo kwa ya zamani. Basi! Kichwa cha injini ni alumini, uzi wake, yaani mifereji inayoishika plagi, ukichanika ni kazi ya karakana.

Kama namba inayotakiwa haipo, tumieni spana ya kurekebisha, ile mafundi wanayoiita spana malaya. Ya inchi 8 inatosha, hufunguka kama milimita 24. Kaza skrubu yake mpaka taya zote mbili ziguse nati, itikise kidogo, kaza tena. Halafu vuta kuelekea upande wa taya inayosogea, ili mzigo ubebwe na ile isiyosogea. Hapa ndipo wengi wanapokosea, na nimeshalisema sana: ukivuta kinyume, taya inalegea, nati inalika, na vidole vinachubuka.

Upepo wa bahari unaleta kutu haraka. Nati ikigoma, msirefushe mpini kwa kipande cha bomba. Mwagieni mafuta ya kulegeza kutu, msubiri dakika 30; kama mnamwagia dizeli badala yake, iacheni ilale usiku kucha. Bolti ya kichwa cha 10 ikikatikia ndani ya alumini, fundi lazima atoboe na kuchonga uzi upya, na siku hizo zote nyanya zilizotoa maua zinakosa maji.

Ikifunguka na pembe zake bado kali, mmefanya sawa.

Nati iliyokwisha kulika pekee ndiyo ishikwe na plaizi ya kujifunga: plaizi ikazwe hasa, nati itoke, itupwe. Msiirudishe! Nendeni dukani na bolti yake, maana bolti mbili za unene mmoja huweza kuwa na uzi tofauti. Nati mpya ikiingia kwa vidole mizunguko mitatu bila kukwama, hiyo ndiyo yake.