Jinsi ya kuandika kumbukumbu ya mwalimu mstaafu aliyetafiti historia

Usianze na vyeo, anza na madaftari yake. Mwalimu wangu, kando ya kila simulizi, aliandika jina la msimulizi na tarehe. Hilo ndilo nililolitanguliza, maana linaonyesha alivyowaheshimu wazee waliomsimulia.

Kanda za kaseti zihamishie kwenye kompyuta mapema. Utepe huchakaa hata ukiwa kabatini. Nyuma ya picha andika majina kwa penseli laini, kamwe si kwa wino.

Kisha watafute wanafunzi wake. Ukiwauliza alikuwa mtu wa namna gani, watakujibu "mwema" basi. Waulize alifanya nini mwanafunzi alipokosea jibu.

Shule alizofundisha, mistari miwili yatosha. Karatasi zake zipelekwe maktaba, katika mpangilio uleule aliouacha.