Somo: Namna ya Kusoma Biolojia ya Mwaka wa Kwanza Chuo Kikuu

Wanafunzi wengi hukwama katika biolojia ya mwaka wa kwanza kwa sababu huisoma kama orodha ya majina ya kukariri, ilhali mtahini wa chuo kikuu hapendi sana kuuliza mitokondria (sehemu ya seli inayotengeneza nishati) ni nini. Huuliza kitakachotokea seli ikikosa oksijeni. Kwa hiyo hatua zifuatazo zinahusu kufuatilia michakato.

Hatua ya 1. Kabla ya mhadhara, pitia michoro ya sura husika pamoja na maelezo yaliyo chini yake, ili majina yasiwe mageni mhadhiri atakapoyataja. Hakuna haja ya kusoma sura nzima.

Hatua ya 2. Siku hiyohiyo, funika daftari na uchore mchakato kwa kumbukumbu. Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Tuchukue upumuaji wa seli: chora glukosi moja yenye atomi 6 za kaboni, kisha uzifuate. Katika saitoplazimu glukosi huvunjwa kuwa piruvati 2 zenye kaboni 3 kila moja, na seli hupata faida ya ATP 2 (ATP ni molekuli inayobeba nishati ya kutumiwa na seli). Ndani ya mitokondria kila piruvati hupoteza kaboni 1 kama kabonidioksidi, na zile 2 zinazobaki huingia katika mzunguko wa Krebs, mfululizo wa mabadiliko ya kikemikali unaozitoa nazo kama kabonidioksidi, hivi kwamba kwa hesabu ya jumla kaboni zote 6 hutoka. Oksijeni iko wapi? Mpaka hapo haijatumika. Huja mwishoni kabisa, kwenye utando wa ndani wa mitokondria, ambako hupokea elektroni na kuwa maji. Aliyechora hivi mwenyewe hawezi tena kuandika kwamba oksijeni tunayovuta ndiyo inayogeuzwa kabonidioksidi, kosa linalojirudia mno katika karatasi za majibu.

Hatua ya 3. Panapohusika kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli), hesabu. Seli ya mwili wa binadamu ina kromosomu 46, na mitosisi, mgawanyiko wa kawaida wa seli, huzaa seli mbili zenye 46 kila moja. Katika meiosisi, mgawanyiko unaotengeneza seli za uzazi, mgawanyiko wa kwanza hutenganisha jozi za kromosomu, na kila seli hupata 23 ambazo bado zina nyuzi pacha (nakala mbili zilizoungana). Mgawanyiko wa pili ndio unaotenganisha pacha hao. Tandaza mezani vipande vya uzi vya rangi mbili na uvisogeze kwa mkono hadi uweze kueleza kila hatua bila kitabu.

Hatua ya 4. Maabarani, chora unachokiona. Hadubini ya mwanga haitenganishi vitu vilivyo karibu zaidi ya takriban mikromita 0.2, na ribosomu, chembe za seli zinazotengeneza protini, ni ndogo kuliko hapo kwa mbali; mchoro wa maabara wenye ribosomu unamwonyesha msahihishaji kwamba umenakiliwa.

Hatua ya 5. Jibu mitihani iliyopita kwa kuandika sentensi kamili, na uanze mapema.

Maswali ya wanachama

Swali: Kitabu kimoja kinasema glukosi hutoa ATP 36 au 38, kingine 30 hadi 32. Nishike kipi?
Jibu: Tarakimu kubwa ni za hesabu ya zamani iliyochukulia kila hatua kwa namba kamili. Makadirio mapya ni ya chini, kwa kuwa sehemu ya nishati hutumika kusafirisha molekuli kupitia utando. Tumia ya mhadhiri wako, lakini ujue sababu ya tofauti.

Swali: Mwalimu, ni lazima kukariri asidi amino (vijenzi vya protini) zote 20?
Jibu: Anza na makundi: zinazopenda maji, zinazoyakimbia, na zenye chaji. Katika ugonjwa wa selimundu, asidi ya glutamiki, yenye chaji, imebadilishwa na valini, inayokimbia maji, katika mnyororo wa beta wa hemoglobini, protini inayobeba oksijeni katika damu. Badiliko hilo moja hufanya hemoglobini isiyo na oksijeni ishikamane na kuipinda seli nyekundu. Ukiyajua makundi, maelezo hayo yanajitengeneza yenyewe.

Swali: Kemia yangu ni dhaifu. Nianzie wapi?
Jibu: Anza na vifungo vya kemikali, hasa vya haidrojeni, kisha usambaaji, kisha pH (kipimo cha uasidi). Kwa pH kumbuka kwamba kila tarakimu moja ni tofauti ya mara 10: myeyuko wa pH 5 una ayoni za haidrojeni mara 100 kuliko wa pH 7, na bila kulielewa hilo sura ya vimeng'enya itakusumbua.