Kusuka raketi ya tenisi mwenyewe, hapa Bukavu

Zamani uzi ukikatika nilikuwa navusha raketi yangu mto Ruzizi hadi Kigali, nakaa juma zima bila kucheza. Sasa naisuka mezani kwangu, na ningependa kila mchezaji wa hapa Bukavu ajue kazi hii, maana kinachotakiwa ni mikono tulivu tu.

Mashine yangu ni ya uzito unaoning'inia. Ina mkono wa chuma wenye jiwe la kusogeza: unaliweka kwenye alama ya kilo unazotaka, unabana uzi, unauachia mkono ushuke. Ukisimama sawa na sakafu, mkazo umetimia. Haihitaji umeme, na kwa sisi tunaokatiwa kuran kila mara hiyo ndiyo sababu ya kuichagua. Ongeza vibano viwili vya kushikilia uzi uliokwisha kukazwa, pense yenye ncha ndefu, mkasi mkali na msumari butu wa kupanulia tundu.

Nyuzi za wima nitaziita mtande na za mlalo mshindio, kama wafumaji wanavyosema.

Kabla ya kukata nyuzi za zamani. Piga picha raketi pande zote mbili. Hesabu nyuzi: nyingi zina mtande 16 na mshindio 19, nyingine 18 na 20. Angalia matundu ambayo mtande unayaruka, mara nyingi la 7 na la 9, na yale mapana ambamo mafundo yamefungwa. Bila picha utakwama saa nzima ukikisia.

Kukata. Anza katikati, uende nje, mtande mmoja na mshindio mmoja. Ukimaliza mtande wote kwanza, fremu inavutwa upande mmoja. Kisha pitisha kidole kwenye mirija ya plastiki ya matundu. Uliopasuka utakata uzi mpya ndani ya siku chache.

Kupima. Raketi moja hula mita 12 hivi. Mimi nakata vipande viwili vya mita 6, kimoja cha mtande, kingine cha mshindio. Bobini ya mita 200 inatosha raketi 16, kwa hiyo wachezaji wanne wakichanga wanapata nafuu kubwa.

Kufunga fremu kwenye mashine. Kaza kichwani na shingoni kwanza, halafu mbavuni. Isicheze, lakini usiiminye.

Mtande. Hapa, ndugu yangu, usiwe na haraka. Vuta nyuzi mbili za katikati, kisha moja kulia, moja kushoto, hivyo hivyo hadi mwisho. Upande mmoja usiutangulie mwingine kwa zaidi ya nyuzi mbili. Raketi ya tatu niliyosuka ilikuwa ya kijana niliyemfundisha kucheza. Nilimaliza upande wa kulia wote kwa sababu mkono ulikuwa umeuzoea, na kichwa cha fremu kikalia, kikapasuka. Nilimlipa, ila raketi ile aliipenda, na bado inaniuma.

Achia mkono wa mashine taratibu kila mara. Ukiuangusha, uzi mmoja utakuwa na kilo 24 na jirani yake 26, na mpira utakuambia. Afadhali nyuzi zote ziwe na kilo 23 sawasawa kuliko 25 zinazotofautiana.

Fundo: zungusha uzi kwenye jirani yake ndani ya tundu pana, pitisha ncha kwenye kitanzi, vuta, rudia mara ya pili. Uzi wa mwisho kabla ya fundo mimi nauongezea kilo moja, kwani fundo hupoteza mkazo kidogo.

Mshindio. Anza kichwani, teremka shingoni. Juu, chini, juu, chini, na mstari unaofuata kinyume chake. Unapopitisha uzi mrefu, uvute ukiwa umepinda kama upinde na uusogeze juu na chini. Ukiuburuta mahali pamoja unachoma mtande. Nyoosha kila mstari kwa vidole kabla ya kuukaza, kisha uuhesabu tena. Kosa la mstari wa 4 ukiliona kwenye wa 15, itabidi ufungue yote.

Kilo ngapi? Fremu huandikwa mipaka yake, usiivuke. Kwa nailoni naanza na 24. Poliesta ni ngumu zaidi, naishusha hadi 22 ili kiwiko kisiumie. Bukavu iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi na mpira huruka mbali, kwa hiyo anayetoka pwani akaona mipira yake inapita mstari aongeze kilo moja.

Mwisho, andika tarehe, kilo na aina ya uzi kwenye plasta, uibandike shingoni mwa raketi. Nyuzi huanza kulegea usiku huohuo, poliesta zaidi, na vumbi la uwanja wetu mwekundu hukaa kwenye makutano ya nyuzi likizisaga. Zifute kwa kitambaa kikavu kila ukitoka uwanjani.