Somo: Boksi la spika za gitaa, ukubwa, mgongo na waya

Swali la "mbona gitaa langu linalia kama redio ndogo" limejibiwa mara nyingi mno. Kabla ya kubadilisha amplifaya, tazama spika na boksi.

1. Chagua spika. Inchi 12 ina besi na sauti nene ya katikati. Inchi 10 hujibu upesi, noti hazigandamani; solo za rumba huipenda. Inchi 8 ni ya mazoezi chumbani.

2. Plaiwudi ya milimita 18, gundi pamoja na skrubu.

3. Tundu la kuingizia spika ya inchi 12 mara nyingi ni milimita 283. Pima spika yako kwanza.

4. Mgongo. Ukiwa wazi, mawimbi ya sauti yanayotoka nyuma ya spika huzunguka na kufuta sehemu ya besi, lakini sauti hutapakaa ukumbini. Ndivyo ilivyo amplifaya ya Fender Twin Reverb. Ukifungwa, besi hukaza na sauti husukumwa mbele, kama boksi la Marshall la spika nne. Tengeneza mgongo wa vipande viwili vya kufungua, ujaribu yote.

5. Waya. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Omu ni kipimo cha ukinzani wa spika kwa umeme. Spika mbili za omu 8 ukiziunganisha sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi) unapata omu 4. Kwa mfululizo (hasi ya moja kwenye chanya ya nyingine), 16. Amplifaya ya transista iliyoandikwa kima cha chini omu 8 usiipe 4, itachemka. Ya tyubu (taa za kioo) usiiwashe na kuipigia kamwe bila spika: transfoma ya kutolea sauti huungua. Kisha chanya na hasi. Ukigeuza waya za spika moja, koni (karatasi inayotetemeka) moja inakwenda mbele na nyingine inarudi nyuma, besi inatoweka, lawama zinaangukia mbao. Chomoa amplifaya, gusisha betri ya volti 1.5 kwenye waya wa boksi mara moja tu: koni zote ziruke upande mmoja.

6. Kaza skrubu za spika kwa kuvuka, yaani moja kisha inayoikabili, kidogo kidogo. Fremu ikipinda, koili (waya uliosokotwa nyuma ya koni) inakwaruza.

Maswali

Spika ya gari ya inchi 12 si ni ileile?
Hapana. Ya gitaa hushusha sauti kali, zile nyembamba za juu, kuanzia karibu hezi 5,000. Bila hivyo distosheni (sauti ya gitaa iliyokwaruzwa makusudi) inachoma masikio.

Nimefunga mbili za omu 4, amplifaya inajizima. Nimeuziwa mbovu?
Hukusema umezifunga vipi wala amplifaya imeandikwa nini. Kama ni sambamba, umeipa omu 2. Rudia hatua ya 5.

Fundi, kwa nini boksi la mgongo wazi hubadilika nikilisogeza ukutani?
Umesikia vizuri. Mawimbi ya nyuma hugonga ukuta na kurudi. Umbali ndio unaoamua yapi yaongezeke na yapi yafutwe. Lisogeze kiganja kimoja kimoja huku mwenzako akipiga. Kwenye kona ya chumba besi huvimba. Likivuma, lipandishe juu ya kiti. Na ukinunua spika, soma desibeli, yaani inatoa sauti kubwa kiasi gani kwa wati moja: ya 100 badala ya 97 ni sawa na kuongeza wati maradufu.

Naongezea: sauti kali hutoka katikati ya koni ikinyooka kama mwanga wa tochi. Boksi likiwa chini, linapiga magoti yako na anayeumia ni aliyekaa mbele.
Kweli kabisa. Liinamishe nyuma likutazame usoni ndipo urekebishe vitufe. Maiki nayo, ianze ukingoni mwa kifuniko cha katikati ya koni.