Ukitumiwa "padre fulani alikuwa mchawi", fanya hivi kabla hujaforwadi

Sisi wa Tanga tuna taabu, ukienda mji wa watu ukasema kwenu Tanga mtu anasogeza kiti mbali akiogopa uchawi, halafu hapa barazani Ngamiani kahawa ikimiminwa tu jamaa anatoa simu anasoma eti mapapa walikuwa wachawi, wenzie "enhee". Nimechoka kubishana, nina njia yangu.

Kwanza uliza alikufa lini na maneno yaliandikwa lini. Papa Sylvester wa Pili alikufa 1003. Alikuwa mkali wa hesabu, alisomea Hispania jirani na Waarabu, akarudi kwao na tarakimu ambazo ndo mama wa hizi tunazoandika leo. Sasa ile stori kwamba eti alikuwa na sanamu ya kichwa, ya shaba, inayomjibu ndiyo au hapana kaiandika mtawa wa Uingereza, William wa Malmesbury, mnamo 1125. Miaka 120 na ushee! Yeye hicho kichwa alikiona wapi?

Pili, kama ni kitabu, tafuta ndani kuna nini. Hapa ndo patamu. Trithemius, mkuu wa monasteri ya Sponheim huko Ujerumani, 1499 alimwandikia rafiki yake barua akijisifia kitabu anachotunga, kumbe rafiki keshafariki, barua ikasomwa na wengine na jina likachafuka tokea hapo. Kitabu kimejaa majina ya mapepo ya kutumwa kupeleka ujumbe mbali. Kilichapwa 1606, 1609 Roma wakakipiga marufuku. Lakini yale maneno ya kuita mapepo ni fumbo, unachukua herufi hii unaruka ile, ujumbe wa siri unatoka, na sehemu ya tatu ambayo ilitisha kuliko zote ilikuja kufumbuliwa miaka ya 1990, nayo ni maandishi ya siri vilevile, ila kwa namba. Simsafishi lakini, kaandika pia habari za malaika wa sayari, kwa hiyo usikimbilie upande wa pili nao.

Cheo nacho kikague. "Padre" Eliphas Levi, yule mwandishi Mfaransa wa mambo ya uchawi, hakuwahi kuwa padre, alipata ushemasi 1835 mwaka uliofuata akaiacha seminari, na vitabu vyake vikubwa vya uchawi vilianza 1854. Padre kweli ni Marsilio Ficino wa Florence, alipewa daraja 1473, na 1489 akatoa kitabu chenye mambo ya hirizi na nyota. Huyo habishiwi.

Mwisho, anayesema ana ugomvi gani? Babu yangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, akiandika kombe, yaani aya kwenye sahani kwa zafarani, zinaoshwa na maji watu wanakunywa, na ana kitabu chake cha falaki, elimu ya nyota. Nusu ya mtaa walimwita walii, jirani mmoja tu ndo alimwita mchawi, na huyo jirani babu alikuwa anamdai hela ya nazi.