Watoto wa jirani wakikuamsha alfajiri, washa feni kabla ya kulala

Kama watoto wa jirani huanza kukimbizana chini ya dirisha lako kabla hujamaliza usingizi, washa feni pale unapopanda kitandani, iweke upande wa dirisha na uiache ivume usiku kucha. Usisubiri kelele zianze. Hapo umeshaamka, na feni haitakurudisha usingizini. Kinachotugutusha mara nyingi si ukubwa wa sauti peke yake, ni mabadiliko yake: chumba kimya kabisa, ghafla "Nipasie! Nipasie!" Mvumo usiokatika hupunguza ile tofauti, na kelele zile zile hupita wewe umelala. Sauti ya mvua kwenye simu nayo inafaa, ila hakikisha haijizimi yenyewe baada ya saa moja, maana itakuacha wakati ule ule unaoihitaji. Mpira unaogonga ukuta ni jambo jingine. Ule mtikisiko hupita kwenye tofali mpaka kitandani, na feni haiuzuii. Hapo kaongee na watoto wenyewe, mchana, kwa upole, mchague pamoja ukuta mwingine. Wa kwetu walinielewa haraka kuliko nilivyotegemea.